Mpira Ulikuwa wa Kipa

Juma hili zamu ya ukurasa wa familia imenifikia mimi. Nilitaka kuandika juu ya kulinda unga wa mahindi usiingie wadudu. Kisha nikaona kwamba nitakuwa ninakimbia jambo ambalo wengi wenu mnalijua, kwa sababu mlikuwepo uwanjani. Wengine wenu mlipiga kelele. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yenu, nikanyamaza. Basi leo niseme.

Ilikuwa Jumapili moja ya Julai, likizo imeanza, upepo wa kiangazi unarusha vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Uwanja wetu mnaujua. Hauna nyasi, mistari inachorwa kwa majivu, na kila goli ni miti mitatu. Watoto wa kartie yetu walicheza na watoto wa ng'ambo ya barabara ya lami, wote chini ya miaka 15. Baba mdogo wa watoto wangu, yaani mdogo wake bwana yangu, ndiye aliyenunua jezi za timu yetu, na ndiye aliyetoa mbuzi wa zawadi. Mbuzi alifungwa kwenye mwembe, kila mtu anamwona.

Mwamuzi, au arbitri kama watoto wanavyosema, alikuwa binti yangu, yule wa tatu. Ana miaka 19. Alisoma masomo ya uamuzi kwa miezi kadhaa, akapewa kijitabu cha sheria, akanunua filimbi kwa faranga alizopata kwa kusuka nywele. Saa ya mkononi aliazima kwa kaka yake. Baba yake hakupenda kazi hiyo, lakini hakuikataza. Alisema tu, “Tutaona.”

Mchezo ulifika mwishoni, timu zote zina goli moja moja. Mtoto wetu wa kulia akapiga mpira wa juu kuelekea goli la wenzetu. Wawili wakaruka, mmoja wetu na mlinzi mmoja wao. Sisi tuliokaa kando tulisikia vichwa vikigongana, kama mtu anayepasua nazi. Yule mlinzi akaanguka kifudifudi na hakujisukuma. Mpira ukaangukia miguuni mwa mwenzetu mwingine, hatua chache tu kutoka golini, na kipa alikuwa ameshatoka mahali pake. Binti yangu akapiga filimbi. Mtoto akapiga mpira, ukaingia.

Mnakumbuka makelele. Watu waliingia uwanjani wakicheza, vigelegele, baba mdogo ameinua mikono yote miwili. Naye binti yangu alikuwa amepiga magoti karibu na mtoto aliyelala, anaita kocha wao aje haraka. Hakutazama goli hata kidogo. Damu ilikuwa inatoka juu ya jicho la yule mtoto. Walimfunga kwa fulana, wakamtoa nje. Ndipo watu walipoelewa kwamba goli halikuhesabiwa, kwa sababu filimbi ilitangulia.

Tungeweza kumeza hilo. Lililoharibu siku ni lile lililofuata. Tulingoja aangushe mpira pale karibu na goli, mmoja wetu asimame upande huu, mmoja wao upande ule, waupiganie kama tulivyozoea kuona tangu utoto. Yeye aliuchukua, akamwita kipa wao peke yake. Wengine wote, wao na sisi, akawasukuma nyuma kwa mkono, mita 4. Akapiga filimbi, akauangusha mbele ya kipa. Kipa akaupiga mbali. Mchezo ukaisha moja kwa moja, wakaenda kwenye penalti, watoto wetu wakashindwa. Mbuzi akavuka barabara ya lami.

Maneno yaliyosemwa pale sitayarudia yote. Kwamba amekula pesa. Kwamba msichana anayevaa kaputula mbele ya wanaume hawezi kuwa na akili ya sheria. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza, “Ule ni mutoto wa nani?” Wamama, nilisikia vizuri. Nilivuta kitambaa changu mpaka kwenye paji la uso, nikajifanya ninamtafuta mjukuu. Huyo mama hakuwa mgeni. Tunaketi naye Jumamosi kwenye mkutano wetu. Simlaumu yeye kuliko ninavyojilaumu mimi, kwa sababu yeye hakujua, na mimi nilijua.

Usiku ule baba mdogo alikuja kwenye lupango letu kabla bukari haijaiva. Hakukaa. Alisema kaka yake amemlea binti wa kumwaibisha kwenye kartie nzima, tena na mbuzi wake mwenyewe. Bwana yangu alimsikiliza mpaka mwisho. Zamani, kabla goti lake halijaharibika, bwana yangu alicheza kabumbu kwenye timu ya vijana, na kila mtu huku humwuliza habari za mpira. Alimgeukia binti yetu akamwambia, “Mpira wa kuangusha ni wa watu wawili. Hata mutoto mudogo anajua. Wewe haujui sheria. Kesho utarudisha ile filimbi kwenye uliitosha.”

Binti hakujibu. Aliweka sahani yake chini, akaingia ndani. Kesho yake hakurudisha filimbi, lakini pia hakuenda kwenye mazoezi ya waamuzi. Siku tatu baba na mtoto walipishana mlangoni bila salamu. Wenye nyumba ya vyumba viwili mnajua siku tatu za namna hiyo zinavyokuwa ndefu.

Jumatano nilikuwa ninachagua maharagwe kwenye lungo, nikamwita. Nilimwambia, “Nieleze. Mimi sijui kitu, nieleze kama mtu asiyejua kitu.” Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua maharagwe akayapanga, mekundu timu moja, meupe timu nyingine, na punje ya mahindi ikawa mpira.

Aliniambia hivi. Mchezo hausimami kwa namna moja, kwa hiyo hauanzi kwa namna moja. Mpira ukitoka pembeni, unarushwa kwa mikono. Ukitoka kwenye mstari wa nyuma, ni kona au ni mpira wa goli, kufuatana na nani aliugusa mwisho. Goli likiingia, mnaanza katikati. Mtu akikosea, unapigwa mpira wa adhabu pale pale, na wapinzani wanasimama mita 9.15. Mlinzi akikosea kosa la namna hiyo kwenye eneo lake, inakuwa penalti. Hapo kote kuna mwenye kosa, au kuna aliyeutoa mpira nje, au kuna aliyefunga.

“Lakini Mama,” akasema, “kuna wakati mchezo unasimama na hakuna mwenye kosa.” Mtoto ameumia. Mbwa ameingia uwanjani na kuusukuma mpira. Mpira umepasuka. Umemgusa mwamuzi mwenyewe na kuipa timu faida ambayo haikuitafuta. Hapo ndipo mpira unaangushwa. Zamani ilikuwa kama baba alivyosema, yeyote aliweza kuugombania, na kwa desturi alisimama mmoja huku na mmoja huku. Mateke yalipigwa kwenye mifupa ya miguu, na mara nyingine mchezo ulianza kwa ugomvi mpya kabla ya ule wa kwanza kuisha. Mwaka 2019 wale wanaotunga sheria za mpira wa dunia nzima waliibadilisha. Sasa mpira unaangushwa kwa mchezaji mmoja tu, na wengine wote wanakaa mbali mita 4 mpaka uguse chini. Tena hawezi mtu kuupiga ukaingia golini moja kwa moja ikahesabiwa. Lazima kwanza uguswe na wachezaji wawili. Na kama mchezo ulisimama mpira ukiwa ndani ya eneo la penalti, haijalishi nani alikuwa nao. Unapewa kipa wa timu inayojilinda.

Nilimwuliza swali ambalo nilifikiri wote mngeuliza. “Lakini sisi ndio tuliokuwa na mpira. Yule mutoto wetu alikuwa mbele ya goli. Kwa nini yeye apoteze?”

Aliangalia maharagwe. “Ndiyo, Mama, alipoteza. Ukimwangushia mshambuliaji mpira mbele ya goli, ni kama umempa goli mkononi. Sheria imechagua kipa. Haikusema kwamba haitauma.”

“Na kama ungengoja kidogo tu, apige kwanza?”

“Mtu akiumia kidogo, ninaacha mchezo uendelee mpaka mpira utoke. Lakini kichwa, hapana. Alikuwa haamki, Mama. Na wale wengine wote wangekimbilia mpira ule, na yeye alikuwa amelala pale pale miguuni mwao.”

Nilimaliza kuchagua maharagwe peke yangu. Jioni nilivaa vizuri, nikavuka barabara ya lami kwenda kumtafuta mama wa yule mtoto. Sikuwa ninamfahamu. Nilijitambulisha kuwa mama wa arbitri, nikangoja anifukuze. Alinipa kiti.

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, ana bandeji. Usiku ule wa Jumapili alikuwa ametapika mara mbili, na aliuliza swali moja tena na tena: nani ameshinda? Walimpeleka kwa daktari usiku huo huo, wakakaa naye mpaka asubuhi. Daktari alisema apumzike, asicheze mpira kwa majuma mengi, kwa sababu kichwa kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona, hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mama yake alisema hakuelewa mambo ya goli. Alielewa kitu kimoja, kwamba watu wote pale walikuwa wanautazama mpira, na mtu mmoja alimtazama mtoto wake. Alinifungia karanga kwenye karatasi, nimpelekee binti.

Nilirudi nyumbani na karanga, na nilikuwa na hasira. Si kwake, wala si kwa baba mdogo. Hasira juu ya kitambaa changu nilichokivuta usoni.

Sasa lazima niwaeleze jambo la bwana yangu, mtaelewa kwa nini nilisema nilichosema. Mwaka 1974, alipokuwa mtoto wa miaka 8, nchi yetu, iliyoitwa Zaïre, ilikwenda kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani. Ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Tulishindwa 2–0 na Scotland, tukashindwa 9–0 na Yugoslavia. Tarehe 22 Juni, huko Gelsenkirchen, tulicheza na Brazili. Karibu na mwisho Brazili ikapata mpira wa adhabu. Wenzetu walipanga ukuta. Filimbi ilipolia, Mwepu Ilunga wa Mazembe yetu ya hapa Lubumbashi alitoka mbio kwenye ukuta, akaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajaupiga. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Rumania akamwonyesha kadi ya njano. Mchezo uliisha 3–0.

Dunia ilicheka miaka mingi. Walisema, tazama Waafrika, hawajui hata mpira wa adhabu unavyopigwa. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri sana. Wachezaji walikuwa hawajalipwa pesa zao, na walikuwa na hofu ya wakubwa nyumbani. Alikuwa amekasirika. Alifariki mwaka 2015.

Bwana yangu hawezi kusikia mtu akicheka habari hiyo. Amewasimulia watoto wetu wote, mmoja mmoja, na kila mara mwishoni sauti yake inapanda. “Walimwona Mwepu wakasema hajui! Hakuna aliyemwuliza! Walicheka tu!” Binti yetu alisikia habari hiyo kabla hajajua kusoma. Mara nyingine nafikiri ndiyo iliyompeleka kwenye filimbi.

Basi usiku ule wa Jumatano, bwana yangu akiwa amekaa karibu na babula, nilimwekea karanga mbele yake. Nilimwambia zimetoka wapi na kwa nini. Alitafuna moja, hakusema kitu. Nikamwambia, “Baba Watoto, wewe miaka yote unalia kwa sababu watu walimwona Mwepu wakasema hajui sheria, na hakuna aliyemwuliza. Binti yako ulimwuliza?”

Sijawahi kusema naye namna hiyo kwa miaka mingi. Alikaa kimya hadi makala yakaanza kufunikwa na majivu. Nilifikiri nimeharibu zaidi. Kisha akaita jina la binti, si kwa nguvu. Akasema, “Lete ile buku yako.”

Binti alileta kijitabu. Baba yake alivaa miwani, akasoma Kifaransa chake polepole chini ya taa, kidole kinafuata mistari. Alirudi nyuma, akasoma tena. Akauliza, “Balibadirisha lini?” Binti akajibu, “2019, Papa.” Akafunga kitabu. “Hakuna mutu alituambia.” Kisha, baada ya muda, “Jumapili mechi iko saa ngapi?”

Hakuomba msamaha, na binti hakungoja msamaha. Alijibu, “Saa tisa.” Akachukua karanga akala. Kesho yake alirudi mazoezini.

Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha. Bwana yangu alikwenda kwa mdogo wake na kijitabu mkononi, wakabishana hadi usiku. Baba mdogo alisoma, akasema hiyo ni sheria ya Wazungu wenye viwanja vya nyasi, na kwamba mbuzi ni mbuzi. Mpaka leo anamsalimia kaka yake, lakini binti hamsalimii. Jezi alizichukua, kwa hiyo watoto wanacheza na fulana zao za nyumbani. Tunangoja. Mimi nimempelekea bukari na samaki mara mbili, sahani zimerudi tupu na zimeoshwa. Naona hiyo ni salamu ya kwanza.

Wamama, mwaka 2024 wasichana wa TP Mazembe walipochukua kombe la mabingwa wa Afrika kwa wanawake huko Maroko, mji huu ulijivuna, na sisi pia tulipiga vigelegele. Januari 2022 Salima Mukansanga, jirani yetu wa Rwanda, alisimama katikati ya uwanja na filimbi kwenye Kombe la Afrika la wanaume, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Tuliliongea hilo kwenye mkutano wetu, tukasema Mungu ni mkubwa. Lakini alipokuwa ni mtoto wa hapa hapa, mwenye kaputula iliyofuliwa kwenye bomba letu, tulimwuliza ni wa nani. Ni wangu. Nilipaswa kujibu siku ile.

Nina maombi mawili. La kwanza, watoto wetu wanapocheza, mmoja wetu abebe maji safi na kitambaa safi. Mtoto akigongwa kichwa asirudishwe kucheza siku hiyo, hata kama anasema ni mzima, hata kama mbuzi yuko kwenye mwembe. Akitapika, akisinzia bila kawaida, au akirudia swali moja moja, apelekwe kwa daktari bila kungoja asubuhi.

La pili, binti yangu amekubali kuja Jumamosi baada ya mkutano, atueleze sheria kwa nusu saa. Mwenye swali alilete, hata lile la mpira wa kipa. Maharagwe nitaleta mimi.